Barabara za Jumamosi na Homa Iliyonifuata

Kama kila siku jioni baridi inakupanda kutoka kiunoni, unatokwa na jasho mpaka shuka linalowa, na asubuhi unaamka mzima kiasi cha watu kusema unajifanya, basi haya nimekuandikia wewe. Kama umekunywa dawa ya malaria mpaka masikio yanavuma na ngozi inawasha, na bado homa inarudi, endelea kusoma. Mimi si daktari. Nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu mjini Isiolo, na niliugua miezi mingi kabla tabibu yeyote hajaniuliza nilikuwa nikinywa nini. Homa iliniumiza mifupa. Lakini kilichokaribia kuvunja nyumba yangu ni kushuku: watu walinishuku, na mimi nikawashuku wao mara mbili.

Jina langu ni Kagendo. Ilikuwa miaka ya sabini ikielekea mwisho. Mume wangu, Mwirigi, alikuwa karani wa serikali, na tulipewa nyumba ya vyumba viwili huko Kiwanjani. Tulikuwa tumeoana miaka miwili, bado hatujapata mtoto, na mama yake kule Meru alikuwa akituma salamu ambazo kila mara zilimalizika kwa swali hilohilo.

Nilikuja Isiolo na baiskeli nyeusi ya kiume niliyoachiwa na baba yangu, fundi wa baiskeli. Kwetu Meru baiskeli unaiendesha ukiteremka, na ukipanda unaisukuma. Isiolo nilikuta nchi imelala tambarare, imetandazwa mpaka macho yanachoka. Jumamosi baada ya kufua nilikuwa navaa suruali ndani ya sketi, natia kiraka na solushani ya kuziba tyubu mfukoni, nafunga pampu kwenye fremu, na kuondoka. Sikuwa na safari. Nilichagua njia ambayo sijui inaishia wapi, basi. Siku moja njia iliishia kwenye kisima kikavu. Siku nyingine iligawanyika mara tatu, kila tawi jembamba kuliko lililotangulia, mpaka nikabaki nafuata nyayo za mbuzi. Digidigi waliruka mbele ya gurudumu, na nyuma yangu, kama ni asubuhi na mawingu hayajapanda, mlima wa kwetu ulisimama mweupe kileleni. Nilikuwa naimba kwa sauti kubwa. Hakuna mtu aliyewahi kunisikia, nadhani.

Hakuna aliyeamini kwamba ni furaha tu. Miaka ya vita vya waasi wa shifta ilikuwa imepita lakini haikuwa imesahaulika, na askari wa kizuizi kwenye barabara ya Ngaremara alinifungulisha mkoba kila mara.

"Mwalimu, unaenda wapi?"

"Natembea tu."

"Mtu hatembei tu huku. Huku kuna nini?"

"Sijui. Ndiyo maana naenda."

Aliandika jina langu kwenye daftari lake, akanitazama nikipotea. Majirani nao waliacha kuongea nilipopita. Mwirigi alicheka mwanzoni. Halafu alianza kuuliza, "Leo umefika wapi?" na nilipomwambia, aliuliza tena baada ya chakula, kwa maneno mengine, kama mtu anayelinganisha majibu.

Kabla ya mvua za Aprili nilipata njia iliyoacha barabara ya Ngaremara na kukata upande wa machweo. Mwiba ulitoboa tairi mbele ya boma la Waborana. Mwanamke mzee alitoka, akaangalia suruali yangu, akamwuliza mwanawe kitu. Mwanawe, mtu mzima aitwaye Halake, alicheka.

"Anauliza wewe ni mwanamume ama mwanamke."

"Mwambie ni mwalimu."

Jibu hilo lilimpendeza mama huyo. Aliitwa Tume, na kila mtu pale alimwita Akoo, yaani nyanya. Alinipa maziwa katika chombo cha kufumwa, yenye harufu ya moshi wa mti ambao sikuujua. Nilikuwa na kiu ya kilomita nyingi. Sijawahi kunywa kitu kitamu kama kile. Nilirudi Jumamosi nyingine, na nyingine tena. Alinifundisha maneno machache ya Kiborana, nami nikamfundisha kuziba tyubu, na kila mara nilimaliza chombo.

Mvua zilianza, na homa ikaja nazo.

Mara ya kwanza nilidhani nimelowa njiani. Zahanati ilikuwa na benchi moja refu ukutani, na tulisogea kidogo kidogo kila mgonjwa mmoja alipoingia. Nilipewa dawa ya malaria. Wiki mbili baadaye nilikuwa kwenye benchi hilohilo, nikapewa dawa ileile. Mara ya tatu mhudumu hakuinua hata kichwa. "Mwalimu, wewe tena? Ama ni kazi hutaki?" Viungo vya nyonga viliniuma hivi kwamba niliandika ubaoni nikiwa nimekaa. Nilipungua mpaka pete ikawa inaanguka nikifua. Ukinitazama saa nne asubuhi ungesema sina lolote, na mwalimu mkuu alinitazama saa nne asubuhi.

Nilikuwa na mimba ya miezi miwili. Nilikuwa nimemwambia Mwirigi tu. Ilitoka siku ya Jumanne, mvua ikinyesha, nikiwa peke yangu nyumbani. Sitaandika mengi kuhusu siku hiyo. Mwirigi aliporudi alikaa kando ya kitanda, akashika mkono wangu, na akasema neno moja.

"Baiskeli."

Niliondoa mkono wangu.

Mama yake aliteremka kutoka Meru kunitunza, na kwa kweli alinitunza. Alinipikia uji, alinikanda kiuno kwa maji ya moto, alifua mashuka niliyolowesha. Lakini alipokuwa akikanda alikuwa anauliza. Nilikula wapi? Kwa nani? Nilipomtajia maziwa ya Akoo Tume mikono yake ilisimama.

"Ulikunywa maziwa ya mtu usiyemjua ukiwa na mimba?"

"Alinipa kwa wema, Mama."

"Wema gani? Kile chombo kilifukizwa na mti gani? Unaujua?"

Sikuujua. Na hapo ndipo nilipoanza. Ukiwa umelala mchana mlango umefungwa, mifupa inawaka, akili inatafuta mtu. Nilimkumbuka Akoo akipuliza makaa ndani ya chombo, midomo yake ikisema maneno. Dua? Au nini? Nilikumbuka jinsi alivyonishika tumbo siku moja akicheka, kabla mimi mwenyewe sijajua. Kila kitu kilichonifurahisha pale bomani nilikigeuza upande wa pili, na upande wa pili kilikuwa cheusi. Yule mama alinilia mtoto. Nililiwaza hilo kwa maneno hayohayo, na nina aibu nalo mpaka leo.

Jumamosi moja ya mwezi wa saba, kipindi cha upepo na vumbi, Mwirigi alichukua baiskeli yangu asubuhi bila kusema. Alirudi jioni midomo imepasuka, vumbi mpaka kwenye kope. Hakuniambia alikotoka. Aliifunga baiskeli kwa mnyororo na kufuli kwenye mti wa nyuma ya nyumba, akatia ufunguo mfukoni. Sasa nikawa na mtu mwingine wa kumshuku. Mwanamume asiyependa baiskeli huiendesha siku nzima kwenda kwa nani? Nilinusa shati lake alipokwenda kuoga. Lilinuka jasho na moshi.

Tuliishi hivyo wiki nyingi, watu watatu ndani ya vyumba viwili, kila mmoja akipima maneno ya mwingine.

Aliyenifungua ni tabibu mpya, kijana Msomali aliyehamishiwa zahanati yetu. Nilikaa mbele yake nimejiandaa kutukanwa. Hakuangalia kadi yangu. Aliniangalia nikikaa, jinsi nilivyoshika nyonga.

"Mwalimu, maziwa unakunywa wapi?"

Nilishtuka. Nilidhani mama mkwe amefika kwake kabla yangu.

"Nani amekuambia habari ya maziwa?"

"Hakuna mtu. Mabichi ama ya kuchemsha?"

"Mabichi."

"Ya mbuzi?"

"Ya mbuzi."

Alitikisa kichwa polepole. Alisema kwao nyumba nyingi zina mtu anayeugua hivi, na watu humwita mvivu. Alinitoa damu, ikapelekwa hospitali kubwa huko Meru. Tulingoja majibu wiki mbili. Sikumwamini hata yeye. Nilidhani ananiondoa tu mlangoni. Siku majibu yaliporudi alinisomea jina la ugonjwa: brusela. Ndugu msomaji, nililia kwa furaha ya kuwa na ugonjwa wenye jina.

Aliniambia kitu kimoja zaidi, na ndicho nilichokwenda nacho nyumbani. Mbuzi wenye ugonjwa huu hutupa mimba. Na mtu pia anaweza kupoteza yake.

Sindano zilikuwa ishirini na moja, moja kila siku, na vidonge vya wiki sita. Mwaka huo kwangu haukuhesabika kwa miezi tena. Sindano ya tano ndipo nilipolala bila kubadilisha shuka. Ya tisa, nilikula chapati mbili. Nesi wa zamu ya asubuhi, mwanamke mnene mwenye haraka nyingi, alikuwa anashika ile chupa ndogo ya dawa ndani ya kiganja chake mpaka ipate joto, maana ikiwa baridi inauma zaidi. Hakuna aliyemwagiza afanye hivyo. Mke wa mwenye duka jirani na zahanati alinipa kigoda nikae kivulini nikirudi, kwa sababu miguu ilikuwa haijanikubali. Ya kumi na sita, dunia ilianza kuzunguka. Nilikuwa nikigeuza kichwa, ukuta unakuja baadaye. Tabibu alisema dawa ile hufanya hivyo kwa wengine, tumalize tu, itapungua. Kwangu ilipungua, lakini haikwisha upesi, na niliogopa kimya kimya kwamba sitapanda baiskeli tena.

Mama mkwe alipanda gari kurudi Meru baada ya sindano ya mwisho. Hakusema kwamba alikosea. Alisema, "Chemsha kila kitu, hata maji ya kunawa," na akanikumbatia kwa nguvu zaidi ya siku aliyokuja.

Tulipobaki wawili nilimwuliza Mwirigi alikwenda wapi siku ile.

Alivuta kiti.

"Nilifuata njia zako. Nilikuwa natafuta huyo mtu."

"Mtu gani?"

"Mwanamume. Nilijua yuko. Nilifika kila mahali ulikoniambia. Kisima kikavu. Nyayo za mbuzi. Nikafika kwa yule mzee mwanamke."

"Na ukapata nini?"

"Nilipata kwamba ulikuwa unaniambia ukweli," alisema. "Nikakasirika zaidi. Nikawapigia kelele. Nikawaambia wamemuua mtoto wangu."

Hatukuongea siku mbili. Siku ya tatu nilikuta kufuli iko mezani, imefunguliwa.

Nilijifunza kuendesha upya pembeni ya uwanja wa ndege, ambapo ardhi ni bapa na hakuna cha kugonga. Mwirigi alishika kiti kwa nyuma na kukimbia, tai yake ikipepea, wanafunzi wangu wakitazama kwa mbali na kuziba midomo. Nilianguka upande wa kushoto kila mara. Kisha siku moja nilisikia pumzi zake zikibaki nyuma, nikajua ameniachia, na sikuanguka. Nilizunguka uwanja mzima nikipiga kelele kama mwendawazimu.

Mvua fupi zilipokwisha nilikwenda kwa Akoo Tume. Nilikwenda peke yangu, na nilimwambia Mwirigi ninakokwenda. Njiani nilisimama mara tatu nikitaka kurudi. Jina la ugonjwa lilikuwa limeniingia kichwani, lakini hofu ya mti nisioujua haikuwa imetoka yote.

Halake alinikuta mbali na boma. Alisimama katikati ya njia, fimbo ameilaza mabegani.

"Simama hapo, Mwalimu."

Nilisimama.

"Bwana yako alikuja hapa. Alitutukana. Sisi hatukumpiga kwa sababu alikuwa mgeni. Sasa wewe nataka nini?"

"Nataka kuomba msamaha. Na kuwaambia nilikuwa naugua nini."

"Sisi tunajua." Alinyoosha fimbo kuelekea zizini. "Wewe ulikuja, ulihesabu mbuzi yetu kwa kidole. Moja, mbili, tatu. Ulisema mbuzi mzuri. Baada ya hapo mbuzi ilianza kutupa watoto. Kumi na mbili! Hapa tunaita buda. Jicho. Mama alisema hapana, huyo msichana hana jicho. Lakini watu wote wanasema ni wewe."

Nilikumbuka. Ni kweli nilihesabu, kwa mazoea ya mwalimu anayehesabu watoto kila asubuhi. Miezi yote ile niliyokuwa nimelala nikiwaza kwamba wamenila, wao walikuwa wamekaa hapa wakiwaza kwamba nimewala. Niliweka baiskeli chini, maana nilihisi kizunguzungu. Nikamweleza Halake yote pale njiani: mimba yangu, benchi, damu, sindano. Nilipofika kwa mbuzi hakunikatiza tena.

"Kwa hivyo ni mbuzi wametupatia ugonjwa? Si wewe umewapa?"

"Ni mbuzi. Na maziwa. Mchemshe, Halake. Na yule anayetupa mtoto msimguse kwa mikono mitupu."

"Unaweza kuwa unadanganya."

"Naweza. Nenda kwa tabibu mwulize. Ni Msomali, ni Mwislamu kama wewe. Mwulize mimi nikiwa sipo."

Hilo ndilo lililomfanya ateremshe fimbo.

Akoo alikuwa amelala ndani. Hakuinuka kunisalimu, na nilipomwona nilielewa. Alikuwa ameshika nyonga kama nilivyokuwa nikishika yangu. Mikono yake imekonda. Halake alisema jasho linamtoka, asubuhi anapata nafuu, na wake wa boma wanasema amezeeka tu, anakwepa kazi.

"Twende zahanati, Akoo," nilisema.

Alinitazama, kisha akamwambia mwanawe kitu.

"Anauliza, ukimfikisha huko mjini utamfanya nini."

"Mwambie atakaa kwenye benchi na kuchoka. Baada ya hapo atachomwa sindano."

Akoo aliposikia alicheka kwa mara ya kwanza. Nadhani kama ningemwahidi kitu kizuri asingekuja. Tulikunja blanketi kwenye karia nyuma ya kiti, Halake akamwinua mama yake na kumkalisha, akasema atatufuata kwa miguu. Akoo alinikamata kiunoni kwa vidole vigumu. Kila tuliporuka jiwe alinifinya, na mimi niliendesha kama mtu aliyebeba mayai.

Tulifika panapogawanyika. Barabara ya mjini naijua: kulia. Akoo alinipiga bega la kushoto.

"Huku," alisema kwa Kiswahili.

Nilisimamisha baiskeli. Njia ya kushoto iliingia katikati ya migunga na kupotea. Sikuwahi kuipita. Halake alikuwa hajatufikia. Mambo yote niliyowahi kuyawaza kitandani yalirudi kwa pamoja.

"Mjini ni huku, Akoo."

"Huku," alirudia, na kunipiga tena. "Wewe naogopa?"

"Ndiyo."

"Mimi pia. Sindano."

Nikageuza usukani kushoto.

Njia ilishuka taratibu hadi ukingoni mwa laga, mto wa mchanga unaojaa mvua zikinyesha tu, ambapo mvua zilikuwa zimeacha mchanga mgumu, laini kama sakafu ya kanisa. Miti ilikutana juu yetu. Hakukuwa na jiwe hata moja. Nilikuwa nimezunguka nchi ile misimu mingi na sikuwahi kujua kwamba kuna kivuli kirefu namna ile. Nilikanyaga kwa nguvu, baiskeli ikaanza kukimbia, na Akoo nyuma yangu alipiga kelele ambayo nilidhani ni ya kuogopa, mpaka nikasikia anaimba. Tulitokea nyuma ya mji, mtaani karibu kabisa na zahanati, bila kupita kizuizi cha askari.

Kwenye benchi alikaa wima, anakagua kila mtu. Zamu yake ilipofika alimwambia nesi, kwa Kiswahili chake kichache lakini kilichosikika mpaka nje, "Mimi naletwa na huyu. Kama mimi nakufa, shika huyu."

Hakufa. Damu yake ilisema yaleyale yangu. Alichomwa zote ishirini na moja, akilala kwetu Kiwanjani chumba cha mbele. Siku ya kwanza Mwirigi alipofika kutoka kazini alimkuta amekaa kwenye kiti chake. Alisimama mlangoni na faili mkononi, hajui aingie au arudi. Mwishowe aliingia jikoni, akapika chai mwenyewe, maziwa yakapanda na kumwagika motoni kwa kuyaacha yachemke sana, akamletea Akoo kikombe kwa mikono miwili.

Akoo alichungulia ndani ya kikombe, akamtazama Mwirigi, akamrudishia.

"Wewe kwanza," alisema.

Mwirigi akanywa.